Uongo Njoo, Utamu Kolea: Kwa Nini Watu Wazima Wanagombana Juu ya Disney

Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, bustani ya burudani ya Disneyland ilifunguliwa huko Anaheim, California, mahali ambapo mwaka mmoja tu nyuma palikuwa na mashamba ya michungwa. Jua lilikuwa kali na lami ilikuwa imemwagwa karibuni mno, hata visigino vya viatu vya akina mama vikawa vinazama ndani yake. Mafundi bomba walikuwa wamegoma wakati ujenzi ukielekea ukingoni, na Walt Disney, mwenye bustani, alilazimika kuchagua kati ya kukamilisha vyoo na kukamilisha mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo, na wageni wakashikwa na kiu. Maelfu ya watu waliingia kwa tiketi za kughushi. Haya yote yalitokea huku televisheni ya ABC, iliyokuwa imetia fedha zake katika mradi huo, ikirusha sherehe moja kwa moja, mmoja wa watangazaji akiwa mwigizaji Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Wafanyakazi waliibatiza siku ile Jumapili Nyeusi.

Naanza na siku hiyo kwa sababu ni mojawapo ya siku chache ambazo mgeni wa Disneyland aliona waziwazi vitu ambavyo bustani ile iliundwa ili asivione: bomba, lami, mgomo, haraka ya fundi. Tangu hapo, ustadi mkubwa wa kampuni ya Disney, katika bustani zake na katika filamu zake za ngano, umekuwa ustadi wa kuficha. Watu wazima wenye akili timamu hugombana juu ya jambo linalodhaniwa kuwa la watoto, wengine wakirudi huko kila mwaka kwa machozi ya furaha na wengine wakilitaja kwa dharau, lakini ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba wanatazama kitu kimoja. Anayependa anapenda namna kulivyofichwa. Anayelaumu anauliza kilichofichwa ni nini, na aliyefichwa ni nani.

Ustadi wenyewe si haba. Bustani ya Magic Kingdom huko Florida, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, humfanya mgeni aamini kwamba anatembea ardhini, kumbe yuko ghorofani. Kwa kuwa maji ya chini ya ardhi huko Florida yako karibu sana na uso wa nchi, wajenzi hawakuweza kuchimba mahandaki. Walijenga njia za huduma juu ya ardhi, wakazifukia kwa udongo uliotolewa walipokuwa wakichimba ziwa lililo mbele ya bustani, kisha wakaijenga bustani yenyewe juu yake. Katika njia hizo wafanyakazi hupita, hubadili mavazi na kula, na takataka husafirishwa ndani ya mabomba kwa nguvu ya hewa. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilitokana na Walt Disney kukerwa, kule California, alipomwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa zamani akikatiza katika sehemu iliyojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Jicho nalo halikuachwa salama. Ghorofa za juu za maduka ya barabara kuu ni ndogo kuliko za chini, ili majengo yaonekane marefu kuliko yalivyo. Kasri la Cinderella lina kimo cha futi 189, karibu mita 58, yaani chini kidogo ya futi 200 ambazo jengo likizipita huhitaji taa za kuonya ndege. Na ni nani angetaka taa nyekundu imwekemweke juu ya kasri la binti mfalme?

Kazi yote hii haikufanywa kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka minne hahitaji ghorofa iliyopunguzwa kwa hesabu. Mpe boksi tupu, atalifanya gari. Walt Disney mwenyewe alipenda kueleza kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi huko Los Angeles akiwasubiri binti zake wawili wanaozunguka kwenye farasi wa mbao, akawaza kwamba pangepaswa kuwepo mahali ambapo mzazi naye angekuwa na la kufanya. Na kitu cha kwanza alichokiweka mlangoni mwa bustani hakikuwa kasri wala mchawi. Kilikuwa barabara ya mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, iliyokumbusha Marceline, Missouri, ambako familia yake ilihamia mwaka 1906, yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Kabla mtoto hajafika kwenye ngano zake, mzazi alikuwa ameshapitishwa katika utoto wake mwenyewe, au katika utoto aliotamani kuwa nao.

Kuna sababu nyingine ya mapenzi hayo ambayo wakosoaji huipita haraka. Miji mingi ya Marekani ilijengwa upya kwa ajili ya magari katika miaka ileile ambayo Disneyland ilikuwa ikijengwa, na mtu anaweza kumaliza mwezi mzima huko bila kupita katika barabara yenye maduka, mabenchi, muziki na watu wanaotembea kwa miguu bila haraka. Ndani ya bustani anapata hayo yote. Msomaji aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Mombasa ataona ajabu kulipia tiketi ili utembee kwenye njia isiyo na magari, lakini asicheke sana, kwa maana kitu hukijua thamani yake aliyekikosa.

Wapo pia watu wazima wanaokwenda bila mtoto yeyote, na hao ndio wanaosemwa zaidi. Huko Marekani wamepewa jina lao, watu wazima wa Disney, na jina hilo hutamkwa mara nyingi kwa kubetua midomo. Wanaambiwa kwamba wamekataa kukua. Lawama hii naiona dhaifu kuliko zote. Mwanamume wa miaka hamsini anayevaa jezi yenye jina la kijana wa miaka ishirini na mbili, akalala bila kula kwa sababu Simba au Yanga imefungwa, haambiwi kwamba amekataa kukua. Kila jamii huwaruhusu watu wazima wake michezo fulani ya kujisahaulisha na kuwanyima mingine, na ruhusa hiyo hutolewa kwa mazoea zaidi kuliko kwa hoja. Tena, anayekwenda kule hajadanganywa. Anajua kwamba ndani ya vazi la panya kuna kijana anayetoka jasho. Msimulizi wa pwani anapoanza, wasikilizaji humwitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaitwa kwa jina lake, unakaribishwa barazani, na hakuna mtu anayetoka pale akidhani amedhulumiwa. Shida huanza pale uongo unapoenea mpaka kwenye mambo ambayo msikilizaji hakuyaitikia.

Chukua filamu. Lawama kongwe dhidi yake ni kwamba zimezilainisha ngano za Ulaya, na ushahidi haupingiki. Katika simulizi ya ndugu Grimm wa Ujerumani, malkia anayemwonea wivu Snow White hufa akilazimishwa kucheza ndani ya viatu vya chuma vilivyowashwa moto; katika filamu ya mwaka 1937 anaporomoka tu kutoka kwenye jabali. Nguva wa Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1837, hukatwa ulimi, hamkosi tu mwana wa mfalme bali hugeuka povu la bahari na kisha kiumbe wa hewani. Nguva wa filamu ya mwaka 1989 hurudishiwa sauti yake na kuolewa. Hata hivyo, anayesema kwamba Disney imeharibu ngano asilia ajiandae kueleza uasilia huo uko wapi. Charles Perrault, aliyechapisha ngano zake mwaka 1697, aliziandika kwa ajili ya watu wazima wenye adabu za kasri la mfalme wa Ufaransa. Ndugu Grimm nao, katika toleo lao la kwanza la mwaka 1812, walimfanya yule malkia mwovu kuwa mama mzazi wa binti. Miaka saba baadaye walimbadili akawa mama wa kambo, kwa kuwa umama mtakatifu haukupaswa kuguswa. Walifua, wakaanika, wakapiga pasi, zaidi ya karne moja kabla ya kampuni ya Disney kuwepo.

Lawama nzito zaidi ni nyingine, nayo haihusu kulainisha bali kugandisha. Ngano ilipokuwa mdomoni mwa bibi, kila msimuliaji aliipinda kidogo kufuatana na usiku ule na watoto wale. Ilipowekwa kwenye filamu iliyoonyeshwa dunia nzima, ikapewa sura moja, gauni moja la rangi moja na mwisho mmoja, na leo mtoto wa Dodoma na mtoto wa Oslo wakiambiwa wamchore Cinderella wote wawili watatafuta kalamu ya buluu.

Nitaeleza kwa mfano wa kwetu. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha huko London hadithi alizozikusanya Zanzibar, mojawapo ikiwa ya Sultani Darai. Ni ndugu wa karibu wa ngano ya Perrault ya paka anayemtajirisha bwana wake kwa hila, ila mnyama wetu ni paa. Maskini anayechakura jaani kama kuku anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo anayesema kama binadamu anampatia bwana wake jina la usultani, mke wa kifalme na jumba alilolipata kwa kumuua joka mwenye vichwa saba. Paka wa Perrault humaliza hadithi akiwa bwana mkubwa, akiwinda panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Zanzibar anaugua, anamwita bwana wake, naye bwana anaagiza akorogewe uji wa mtama tu, bila hata kwenda kumtazama. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, na Sultani Darai siku moja anaamka akajikuta jaani palepale, mavumbini, akichakura. Hadithi hii ilisimuliwa kwa watu waliojua vizuri jinsi mtu anavyomsahau aliyemwinua. Kumaliza kwa arusi ni uamuzi, si tabia ya ngano, na anayeketi mbele ya filamu aghalabu haambiwi kwamba uamuzi umefanywa.

Kwenye fedha mambo ni rahisi kueleza. Mwaka 1955 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja, kila mchezo ukilipiwa peke yake. Leo, katika siku za msongamano, tiketi ya siku moja kule California imepita dola 200. Lakini kinachowachoma hata wapenzi wa dhati si bei ya mlangoni, ni foleni. Kwa miongo mingi foleni ya Disneyland ilikuwa moja, jaji na dereva wa lori wakisubiri pamoja kwenye jua lilelile. Mwaka 1999 ukaletwa utaratibu wa kuweka nafasi bila malipo, na mwaka 2021 nafasi hiyo ikaanza kuuzwa. Sasa kuna njia mbili sambamba, na mtoto aliyesimama katika ile ndefu humwona mwenzake akipita upande wa pili na kumwuliza baba yake kwa nini. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri, akamwona mtu aliyefika saa nne akiingizwa kwa mlango wa pembeni, analijua swali hilo. Bustani iliyoficha takataka zake kwa mabomba ya hewa haikuweza kuficha hilo, au haikutaka.

Wafanyakazi, kwa upande wao, wamefichwa hata katika msamiati. Ndani ya bustani hizo mfanyakazi huitwa mwigizaji, sare yake huitwa vazi la mchezo, mteja huitwa mgeni, na palipo na wageni huitwa jukwaani. Ni lugha ya kupendeza, na wengi huifurahia, lakini ni vigumu kwa mwigizaji kudai nyongeza ya mshahara katikati ya mchezo. Mwaka 2019 Abigail Disney, mjukuu wa Roy Disney aliyeianzisha kampuni pamoja na mdogo wake Walt, alijitokeza hadharani kulaumu pengo kati ya malipo ya mkuu wa kampuni na ya wafanyakazi wa bustani. Lawama ilitoka ndani ya ukoo, na hilo si la kipekee, kwa kuwa wakosoaji wakali wa Disney mara nyingi ni watu waliolelewa nayo.

Hilo lilionekana waziwazi katika kisa cha sungura. Mwaka 1946 kampuni ilitoa filamu iitwayo Song of the South, yenye visa vya Sungura, Mbweha na Dubu vilivyokusanywa na Joel Chandler Harris kutoka kwa watu weusi wa Georgia waliokuwa wametoka utumwani. Msomaji wa Afrika Mashariki atamtambua mjanja huyo mara moja, maana kisa cha sungura anayenaswa na kitu chenye kunata, akipiga mkono wa kwanza unaganda, akipiga wa pili nao unaganda, kinasimuliwa kwetu kwa namna nyingi, ulimbo ukichukua nafasi ya lami iliyomnasa sungura wa Harris. Filamu ile iliwaweka Weusi wa shambani katika furaha isiyo na maelezo, na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kililalamika tangu mwanzo. Mwigizaji wake mkuu, James Baskett, hakuhudhuria uzinduzi mjini Atlanta, mji uliokuwa chini ya sheria za ubaguzi, ingawa baadaye alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Kampuni haijawahi kuiuza filamu hiyo kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani. Badala yake, mwaka 1989, ilichukua wanyama na nyimbo, ikaacha mzee msimuliaji na shamba, ikajenga mchezo wa mitumbwi inayoporomoka majini ulioitwa Splash Mountain. Mamilioni waliupanda bila kujua sungura yule ametoka wapi. Mwaka 2020 wapenzi wa bustani walianzisha maombi ya kuubadilisha, wapenzi wengine wakaanzisha ya kuutetea, na mwaka 2024 ukafunguliwa upya kwa jina la Tiana, binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney, aliyetokea kwenye filamu mwaka 2009, yaani miaka 72 baada ya Snow White. Waliolia kwa ajili ya kumbukumbu za utoto wao na waliodai haki walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanunuzi wa tiketi zilezile.

Nje ya Marekani ugomvi huchukua sura ya utamaduni. Bustani ya karibu na Paris ilipofunguliwa Aprili 1992, mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine aliiita Chernobyl ya utamaduni, akiifananisha na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na Wafaransa walishangaa kukuta mahali pa kula pasipouza mvinyo, amri ambayo kampuni iliibatilisha mwaka uliofuata. Kichekesho ni kwamba kasri la bustani hiyo ni la binti aliyelala miaka mia, ambaye alikuwa wa Perrault kabla hajawa wa Disney. Alirudi kwao na kupokewa kama mgeni.

Sisi tunaosema Kiswahili tulipata zamu yetu bila kuulizwa. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi na Shenzi ni majina ya filamu ya mwaka 1994, na mtoto wa Kiswahili anayeitazama hucheka mahali ambapo watoto wengine hawacheki, kwa mfano fisi anapoitwa Shenzi mbele ya wazazi. Mwaka huohuo kampuni iliomba kusajili maneno hakuna matata kama alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani, ikapewa usajili mwaka 2003, na mwaka 2018 maombi ya mtandaoni ya kuipinga yakakusanya saini zaidi ya 100,000. Kisheria, usajili huo haumzuii mtu yeyote kutamka maneno hayo. Unahusu fulana na bidhaa za aina hiyo. Lakini hasira haikuwa ya kisheria. Ilitokana na kuona maneno yametenganishwa na wenyewe. Hapa tuwe wakweli kidogo: kabla ya Disney, wimbo wa bendi ya Kenya ya Them Mushrooms wa mwaka 1982 ulikuwa umeshayaimba maneno hayo kwa ajili ya watalii wa hoteli za Mombasa. Tulianza sisi kuyauza, ila hatukuyaandikisha.

Na kuna Harambe. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida tarehe 22 Aprili 1998, wabunifu walioongozwa na Joe Rohde walijenga mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki baada ya kusafiri huku, na Lamu ndiyo iliyowapa sura yake. Jina linatokana na harambee, herufi moja ikiwa imepotea njiani. Mafundi wa Kizulu waliletwa kutoka Afrika Kusini kuezeka mapaa. Mibuyu ya saruji imesimama katika eneo la wanyama, safari inaitwa ya Kilimanjaro ingawa mlima haupo, na hoteli ya jirani ina migahawa iitwayo Jiko na Boma. Maandishi ya Kiswahili yamo ukutani, na mengi ni sahihi.

Siwezi kusema kwamba napachukia. Nimezitazama picha zake mara nyingi, na kila mara jicho hukimbilia kwenye zile kuta. Plasta imechorwa ili ionekane imebanduka, chini yake kukatokeza kitu kama jiwe la matumbawe, na nyufa zimepita mahali ambapo nyufa za kweli zingepita, juu ya kizingiti na kando ya dirisha. Aliyezichora alitazama Lamu kwa makini kuliko wengi wetu tunaopita hapo tukielekea gatini. Lamu yenyewe imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na mwenye nyumba huko, akiona ufa, humtafuta fundi mwenye chokaa kabla masika hayajaingia. Kule Harambe ufa ukififia, ni kazi ya mchoraji kuurudisha.